Wafananao kwa Rangi, Wasiofanana kwa Sumu



Likizo ya mwisho wa mwaka imekaribia, na nyumba nyingi za pwani zimeanza kufunga mizigo ya watoto. Wako watakaokwenda Kitale kwa ami zao wenye maduka, wako watakaokwenda Bungoma kwa bibi na babu, na wako dada zetu walioolewa huko, ambao sasa kwao ni huko huko, kati ya mahindi, miwa na upepo wa Mlima Elgon. Mmoja wa dada hao ametuandikia kutoka Bungoma swali ambalo tumeliona lina faida kwa wengi. Auliza: vipi mama atamtofautisha nyoka mwenye sumu na asiye na sumu, ilhali wanafanana, na kila jirani ana jina lake na kanuni yake?

Tumelipenda swali hili kwa kuwa limekuja wakati wake. Hiki ndicho kipindi cha mavuno katika Trans Nzoia na Bungoma. Mabua ya mahindi husimamishwa marundo marundo shambani, panya hukimbilia humo na ghalani, na nyoka huwafuata panya. Watoto wa mjini, ambao macho yao hayajazoea majani, huingia humo humo kucheza.

Kanuni tatu zisizotegemeka

Wengi wetu tumelelewa na kanuni tatu. Ya kwanza yasema kwamba nyoka mwenye sumu ana kichwa cha pembetatu. Ya pili yasema kwamba mboni ya jicho lake ni nyembamba na imesimama kama ya paka. Ya tatu yategemea rangi: mweusi ni koboko, na wa kijani ni wa majanini tu, hana neno.

Kanuni mbili za kwanza huwafaa watu wa Ulaya, ambako nyoka wenye sumu ya kuhofiwa karibu wote ni wa ukoo mmoja, ukoo wa bafe. Afrika haziwezi kutulinda. Swila na hongo, ambao sumu yao huweza kumwua mtu mzima, wana vichwa vyembamba na mboni za duara. Nao nyoka wengi wasio na sumu, wakitishwa, hutanua taya hata kichwa kikawa cha pembetatu. Mfano ulio wazi zaidi ni wa kipiri wa usiku na nyoka mla-mayai. Kipiri ni wa ukoo wa bafe na ana sumu, lakini mboni yake ni ya duara. Mla-mayai hana sumu kabisa, wala hana meno ya kumdhuru mtu, lakini mboni yake imesimama kama ya paka. Mwenye kuifuata kanuni ya mboni atamwua asiye na kosa na kumwacha mwenye hatari. Tena, mtu aliyekaribia kiasi cha kuiona mboni amekwisha kufika mahali pa kuumwa.

Ama kanuni ya rangi, hiyo ndiyo iliyopotosha watu wengi zaidi, na tutaieleza kwa makundi.

Wa kijani

Sisi wa pwani twamjua hongo wa kwetu, yule wa kijani kibichi mwili mzima akaaye juu ya miembe, mikorosho na minazi. Magharibi mwa Kenya kuna ndugu yake, hongo wa Jameson, akaaye katika misitu ya Kakamega na Kaimosi, si mbali na Bungoma. Mwaka 1936 mtaalamu Arthur Loveridge aliandika habari za hongo huyo wa mashariki na kumwita kwa jina la msitu huo wa Kaimosi. Alama yake ni mkia: mwili ni wa kijani, lakini mkia ni mweusi. Mtoto wa pwani aliyefundishwa kwamba hongo ni wa kijani mtupu anaweza kumwona huyu akadhani ni nyoka mwingine.

Yuko pia bumslangi, jina lililotoka katika Kiafrikaans lenye maana ya nyoka wa mtini. Dume lake mara nyingi ni la kijani, na jike mara nyingi ni la hudhurungi, hata watu wawaonapo pamoja hudhani ni aina mbili. Kichwa chake ni kifupi na jicho lake ni kubwa sana kuliko la hongo, ambaye kichwa chake ni kirefu na chembamba. Akikasirika, bumslangi huvimbisha koo.

Baada ya hao kuna ukukwi, wembamba, wepesi, wasio na madhara, wanaokula vyura na mijusi. Hawa ndio wengi, na ndio waliowafanya watu waseme kwamba wa kijani hana neno. Lakini ukukwi na bumslangi mchanga wote ni wembamba na wote wana macho makubwa, na kuwatenganisha kwa mbali si kazi ya mama wala ya mtoto. Kwa hiyo kila wa kijani aachwe apite.

Weusi na wanaotanua shingo

Katika Kitale, nyoka yeyote mrefu mweusi huitwa koboko. Koboko wa kweli hata si mweusi: ngozi yake ni ya kijivu au ya rangi ya zeituni, na weusi ulio katika sifa yake umo ndani ya kinywa. Naye hupendelea nchi za chini zenye joto, hali Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Yule mweusi anayeonekana karibu na mito, mabwawa na misitu ya magharibi huenda akawa ni swila.

Swila, ambaye wengine humwita fira, ni wa aina kadhaa. Swila wa msituni ni mkubwa, ngozi yake yang'aa, midomo yake ina mistari myeusi na myeupe, na tumbo lake ni la rangi ya malai lenye mabaka meusi. Huyu hatemi. Swila mwenye shingo nyeusi ana ukanda mpana mweusi chini ya koo, na wengine huwa na rangi nyekundu chini yake. Huyu hutema sumu kulenga uso, umbali wa mita mbili na zaidi. Wakisimama katika nyasi za jioni, hakuna awezaye kuhesabu mistari ya midomo. Basi kila nyoka anayetanua shingo tumchukulie ni wa kutema: tugeuze uso, tufunike macho kwa leso au mtandio, turudi nyuma pole pole.

Sumu ikiingia machoni, jicho lisisuguliwe. Lioshwe mara moja kwa maji mengi safi, kwa dakika nyingi, kisha mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Asiyeoshwa mapema anaweza kupoteza uoni.

Wenye madoa

Bafe, ambaye wengine humwita moma na wengine kifutu, yuko pwani na yuko bara. Ni mnene, mfupi, na mgongoni ana alama kama vichwa vya mishale vilivyopangwa mmoja baada ya mwingine. Hatari yake imo katika utulivu wake. Wengine wakisikia kishindo hukimbia. Yeye hulala pale pale, akitegemea rangi yake ya majani makavu, mpaka akanyagwe.

Wafananao na bafe magharibi mwa Kenya ni wawili, nao wapatikana katika msitu wa Kakamega. Bafe wa Gabon ana kichwa kikubwa cheupe-cheupe chenye mstari mwembamba katikati, na meno yake ya sumu ni marefu kuliko ya nyoka wote duniani, hufikia sentimita 5. Bafe mwenye pembe ana vijipembe kadhaa juu ya pua, na mgongo wake una rangi za buluu, njano na nyekundu kama zulia. Wote wawili ni wapole, na upole huo umewadanganya watu wakadhani hawana kitu.

Kipiri wa usiku ni mdogo zaidi, na juu ya kichwa chake ana alama moja ya mshale unaoelekea mbele. Mla-mayai humwiga kwa madoa, na huiga hata sauti: hujikunja na kusugua magamba yake mpaka yakatoa mlio kama wa bafe. Huu ndio ulinzi aliopewa kiumbe asiye na silaha.

Mdogo mweusi wa udongoni

Huyu twamtaja peke yake kwa sababu watoto humwokota. Ni mwembamba, mweusi, wa kung'aa, kichwa hakitengani na shingo, hutoka ardhini mvua ikinyesha au jembe likipita. Hufanana na nyoka-vipofu, wale wadogo kama mnyoo wasio na madhara. Lakini nyoka mchimbaji mweusi ana meno marefu yanayotoka kando ya mdomo hata kinywa kikiwa kimefungwa. Hakuna namna ya kumshika kichwani kwa usalama. Hata mtaalamu akimbana nyuma ya shingo, yeye hugeuza kichwa akachoma kidole. Watoto waambiwe wazi: chochote kinachofanana na mnyoo mkubwa mweusi kisishikwe kwa mkono.

Hata wajuzi walisita

Msomaji asidhani kwamba ugumu huu ni wa watu wa kawaida tu. Watamu, kwetu pwani, marehemu James Ashe alianzisha kituo cha nyoka mwaka 1980. Swila mkubwa wa hudhurungi wa nchi hiyo alihesabiwa kwa miaka mingi kuwa ni yule yule mwenye shingo nyeusi, ila wa rangi nyingine. Ilikuwa mwaka 2007 ndipo wataalamu Wolfgang Wüster na Donald Broadley walipothibitisha kwamba ni aina ya peke yake, wakampa jina la Ashe. Naye ndiye mkubwa kuliko swila wote wanaotema.

Na huko Chicago, Marekani, mwezi Septemba 1957, mtaalamu mashuhuri Karl Schmidt aliletewa nyoka mchanga kutoka bustani ya wanyama ili amtambue. Alikuwa bumslangi aliyetoka Afrika, lakini gamba moja halikulingana na maelezo ya vitabu, naye akasita. Akamshika, akaumwa kidole gumba. Kwa kuwa nyoka alikuwa mdogo na jeraha lilikuwa dogo, hakwenda hospitali. Aliandika dalili zake moja baada ya nyingine katika daftari, na siku ya pili akafariki kwa kutokwa na damu ndani ya mwili. Elimu yake yote juu ya nyoka haikumtosha kumtambua mmoja aliyekuwa mkononi mwake. Itakuwaje kwa jirani anayebishana na mwenzake usiku, kwa mwanga wa simu?

Mwili ndio usemao

Hapa ndipo penye jibu la swali la dada yetu. Daktari hahitaji kuletewa nyoka. Hutazama mwili wa mgonjwa, na mwili humweleza sumu ni ya namna gani.

Iwapo mahali palipoumwa panavimba haraka, pana maumivu makali na malengelenge, hiyo ni kazi ya bafe au swila anayetema. Iwapo kope zinalegea, maneno yanakwama, mate hayamezeki na pumzi inakuwa nzito, hiyo ni sumu ya mishipa ya fahamu, ya hongo, koboko au swila wa msituni, nayo haingoji. Iwapo damu inatoka kwenye fizi, puani, katika mkojo au kwenye kovu la zamani, yumkini ni bumslangi. Dalili za huyu wa mwisho huchelewa kwa saa nyingi, na ndiyo maana mtu aliyeumwa na nyoka wa kijani asirudishwe nyumbani kwa kuwa anajisikia vizuri; hospitali imweke chini ya uangalizi kwa siku nzima na zaidi.

Wabukusu wa Bungoma husimulia habari za Mango, shujaa aliyelivizia joka katika pango la Mwiala, akalikata kichwa, na kwa ushujaa huo akapata haki ya kutahiriwa. Ni simulizi yenye heshima, na jando lao hulinasibisha naye. Lakini kijana anayemfuata nyoka vichakani ili amwue na kumpeleka hospitali huongeza mgonjwa wa pili, na hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma kwa muda. Mwenye simu na apige picha kama yuko mbali na ni rahisi. La sivyo, akumbuke rangi na umbo tu, aondoke.

La kufanya na la kuacha

Mgonjwa alazwe, atulizwe, asitembee wala kukimbia. Pete, bangili, vikuku na saa vivuliwe mara moja kabla ya uvimbe, kwani bangili iliyobana hukata damu. Kiungo kilichoumwa kifungwe na kipande cha ubao kama kilichovunjika, kisiyumbe. Akitapika, alazwe ubavu wa kushoto. Kisha gari litafutwe.

Kisifungwe kamba ya kukaza. Wapo wanaofunga ili sumu isipande, lakini kwa sumu ya bafe kamba huifungia sumu mahali pamoja ikaoza nyama, na wako waliokatwa mguu kwa ajili ya kamba. Kwa kuwa hatuna hakika ya nyoka, tusifanye jambo ambalo likikosea huharibu. Jeraha lisichanjwe, lisinyonywe, lisipakwe kitu. Mgonjwa asipewe chochote cha kunywa, si maziwa, si dawa ya miti, wala kombe, kwa kuwa sumu ya mishipa ya fahamu huziba koo na anaweza kupaliwa. Kisomo na dua ni jambo jema, na zisomwe ndani ya gari njiani.

Kuhusu jiwe jeusi linalobandikwa juu ya jeraha, na waganga wanaolisifu, kuna hesabu moja inayofafanua. Shirika la Afya Duniani, ambalo mwaka 2017 liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi ya nchi za joto yaliyosahauliwa, lakadiria kwamba watu milioni 5.4 huumwa kila mwaka, na kati yao wanaoingiwa na sumu ni milioni 1.8 hadi 2.7. Ina maana kwamba nusu ya walioumwa au zaidi hawakuingiwa na sumu. Nyoka aliuma bila kuitoa, au hakuwa na sumu. Hao wangepona hata kwa kubandikwa kipande cha mkaa, na kupona kwao ndiko kulikolipa jiwe sifa. Lakini wanaokufa kila mwaka wakadiriwa kuwa kati ya 81,000 na 138,000. Kwao, saa ziliopotea kwa mganga ndizo zilizokuwa saa za kuokolewa.

Dada zetu, twawasihi jambo jingine. Mwanamke akiumwa pajani au mahali pa sitara, asifiche, wala asingoje mpaka apatikane daktari wa kike. Wanavyuoni wameruhusu kutazamwa penye dharura kwa kadiri ya haja, na dharura hii haina mfano.

Kizuia-sumu hakipatikani katika kila zahanati, na hutolewa hospitali tu, kwa kuwa huweza kuuzusha mwili. Basi kila familia ya Kitale na Bungoma iulize mapema, wakati wa amani, ni hospitali gani iliyo nacho, na iandike namba ya mwenye gari la usiku.

Nyumbani na shambani

Kinga ni nyepesi kuliko tiba. Kuni na mabua yasiegemezwe ukutani mwa nyumba. Nafaka ihifadhiwe mahali panya hawafiki. Anayetoka kutia udhu alfajiri, au kwenda chooni usiku, achukue tochi na avae viatu. Viatu vilivyolala mlangoni vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Na ile sunna ya kukung'uta tandiko kabla ya kulala, tuliyoizoea tangu utotoni, watoto waifuate hata wakiwa ugenini. Wakilala, walale ndani ya chandarua kilichoingizwa chini ya godoro, kwani huzuia mbu na huzuia nyoka.

Mkipata siku mjini Kitale, wapelekeni watoto kwenye Jumba la Makumbusho, lililotokana na mkusanyo alioanza kuukusanya Kanali Stoneham mwaka 1926, na ambalo limekuwa jumba la taifa tangu 1974. Lina mahali pa nyoka, na huko mtoto ataweza kuwatazama kwa karibu bila ya kudhurika, ajionee mwenyewe jinsi wanavyofanana.

Wahenga wetu walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Twapenda watoto wetu washtuke kidogo kabla ya kuumwa, wasimame, warudi nyuma, wamwite mtu mzima, na wamwache kiumbe apite njia yake.

Wiki ijayo, inshaallah, tutajibu maswali mliyotuletea kuhusu nge na tandu. Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu na wenyeji wao.

Wabillahi tawfiq.